Kwa nini wajawazito wengi wanaanza kliniki wamechelewa? Tuache kusema "hawajui"

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni mkunga, na kliniki ya wajawazito ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kuna sentensi imenichosha kwenye vikao: "Akina mama wanachelewa kuanza kliniki kwa sababu hawana elimu." Ikishasemwa, watu wanatikisa vichwa, kikao kinafungwa, mabango mapya yanachapishwa. Kisha wanakuja wengine na mimba za miezi mitano, sita, wanakaa kwenye benchi chini ya bango linalosema njoo mapema.

Hoja yangu ni hii: wengi wanaochelewa wanajua kliniki ipo, na wanajua ina faida. Ila wamepiga hesabu. Wamepima watakachopata mimba ikiwa na wiki nane, wakapima na kitakachowagharimu, wakaona bora kusubiri. Na sisi tunaotoa huduma tumechangia sana kuwafundisha hesabu hiyo.

Kwanza tuelewane "mapema" ni lini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12, halafu wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Jumla mara nane. Mpango uliotangulia ulikuwa wa mahudhurio manne. Na wiki hizo zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu mimba ilipotungwa. Kwa hiyo mwanamke ambaye siku zake zimechelewa wiki moja tu, kwetu tayari ana wiki tano. Amebakiwa na saba. Anayenyonyesha, mwenye mzunguko usioeleweka, au aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango hivi karibuni, anaweza kuzimaliza zote 12 bila hata kuhisi kwamba ana mimba. Huyo ukimwita mzembe unamwonea.

Sasa, anapata nini akija mapema? Hapa ndipo tunapojieleza vibaya. Tunamwambia "kwa afya yako na ya mtoto", maneno ambayo ameyasikia hadi yamekosa uzito. Mambo yenyewe ni haya.

Presha yake ya asili. Mimba ikifika katikati, presha kwa kawaida hushuka kidogo, halafu hupanda tena kuelekea mwisho. Mwanamke akija kwa mara ya kwanza na mimba ya miezi saba, nikakuta 140 kwa 90, sina cha kulinganisha. Alikuwa na presha kabla ya mimba, au hiki ni kifafa cha mimba kinaanza? Mgawanyo wetu unategemea wiki ya 20: iliyoonekana kabla ya hapo tunaichukulia kuwa ya zamani, iliyokuja baada ya hapo ni ya mimba. Bila kipimo cha mwanzo nabaki kubahatisha. Tena wapo walio katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba ambao daktari huwaanzishia aspirini ya dozi ndogo baada ya wiki ya 12, na inasaidia zaidi ikianza kabla ya wiki ya 16. Aliyekuja mwezi wa sita imempita.

Umri wa mimba. Utrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza hukadiria kwa kukosea siku tano hadi saba tu. Ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kupishana na ukweli kwa wiki mbili, hata tatu. Unaweza kudhani ni kitu kidogo mpaka ufike mwisho, mtoto anaonekana mdogo, na hakuna anayejua kama hakui vizuri au ni tarehe tu zimekosewa.

Kaswende hutibika kwa sindano ya penisilini, na mtoto akapona humo humo tumboni. Lakini sindano ikitolewa zikiwa zimebaki chini ya siku 30 kabla ya kujifungua, mtoto tunamhesabu kuwa hajatibiwa vya kutosha. VVU vivyo hivyo: bila kinga yoyote, katika ujauzito, uzazi na kunyonyesha kwa jumla, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa. Mama akianza dawa mapema na kuzimeza sawasawa, hushuka chini ya 5. Upungufu wa damu nao hauondoki kwa kidonge cha leo, damu hujengwa kwa wiki nyingi.

Nisidanganye pia: kuna kitu ambacho hata hudhurio la wiki ya nane linakikuta kimeshapita. Uti wa mgongo wa mtoto na ubongo wake huanza kama mfereji unaojifunga, na hukamilika kujifunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Ndiyo maana vidonge vya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, hutakiwa kuanza kabla ya kushika mimba.

Sasa angalia hesabu ya upande wa pili. Yote niliyoyataja, mwanamke hayaoni. Anachokiona ni benchi, foleni, kutolewa damu, kadi, na "rudi tarehe fulani". Kwake kadi ndiyo faida, maana bila kadi akifika na uchungu atasemwa. Na kadi ya mwezi wa sita inampokea wodini sawasawa na ya mwezi wa pili.

Halafu kuna la kuficha. Kati ya mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 20 huharibika zenyewe, na nyingi huharibika ndani ya wiki hizo hizo 12. Wanawake wanalijua hili bila kusoma takwimu yoyote, kila mmoja ana dada au rafiki lilimkuta. Kwa hiyo anakaa kimya mpaka mimba ishike vizuri. Sisi tunamtaka aje akae kwenye benchi la wajawazito, mchana kweupe, katika wiki zile zile ambazo hajamwambia hata mama yake mzazi. Tumeshawahi kulifikiria hilo tulipopanga benchi likae mlangoni?

La mwisho ndilo linaniuma zaidi. Wapo wanaokuja mapema tukawarudisha wenyewe. "Mimba haijaonekana, nenda ukirudi tumbo limechomoza." Nimelisikia kwa masikio yangu, na wanawake wengi wamenisimulia. Mtu katoka kwake, kalipa nauli, kavunja ukimya wake, halafu anaambiwa amewahi mno. Mimba inayofuata usitarajie kumwona kabla ya mwezi wa tano. Na atawaambia wenzake.

Karibuni.

Baba_Wawili

Mkunga, naheshimu kazi yako lakini unawatetea kupita kiasi. Siku hizi kila mtu ana simu, taarifa zimejaa. Mtu anajua tarehe ya kila sherehe ya ukoo wao lakini tarehe ya kliniki hajui? Mengine ni uvivu tu, tusiogope kusema.

Mama_Wanne

@Baba_Wawili kaka yangu, karibu nikusimulie kuhusu uvivu.

Mimba ya kwanza nilianza kliniki nikiwa na wiki tisa. Niliogopa kila kitu, hata nikipiga chafya nilitaka nipimwe. Ya pili nikaenda mwezi wa nne. Ya nne nilienda mwezi wa saba, na nilikuwa najua kila kitu ambacho mkunga amekiandika hapo juu, pengine isipokuwa hilo la presha kushuka katikati. Nilichelewa kwa sababu nilijua! Watatu wametoka salama, mwili wangu naufahamu, kichefuchefu naufahamu, na wale watatu nitamwachia nani kuanzia alfajiri mpaka saa nane mchana? Baba yao yuko kazini. Nikienda nao, huyu analia, yule anataka kwenda chooni, na nikitoka foleni nimepoteza nafasi yangu.

Kwa hiyo si kwamba mwenye uzoefu hajui. Uzoefu wenyewe unamwambia hakuna haraka.

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

@Mama_Wanne ahsante mama, umegusa panapouma. Hili linajulikana katika tafiti za nchi nyingi: wenye mimba ya kwanza huwahi, na kadiri watoto wanavyoongezeka ndivyo mama anavyochelewa. Lakini hapa uzoefu unadanganya, na nitakupa mfano mmoja tu.

Kuna wanawake ambao kundi lao la damu ni hasi, yaani Rhesus hasi. Akibeba mtoto mwenye chanya, mtoto wa kwanza mara nyingi hapati shida yoyote. Ila damu ya mtoto ikichanganyika na ya mama, hasa wakati wa kujifungua, mwili wa mama unajifunza kuishambulia. Anayepigwa ni mtoto wa pili, wa tatu. Kuna sindano ya kuzuia, hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na sehemu nyingi hutolewa pia karibu na wiki ya 28. Mama huyu akisema "wa kwanza alitoka salama", amesema kweli kabisa, na ukweli huo haumlindi wa pili hata kidogo.

Ongeza na hili: baada ya kuzaa mara tano na zaidi, hatari ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua huongezeka. Akiwa na upungufu wa damu ambao haukugunduliwa mapema, hasara ndogo kwa mwingine kwake inakuwa kubwa.

Kuhusu watoto watatu na foleni, sina jibu la kumlaumu mama. Hilo ni letu.

Takwimu_Tupu

Naongeza kidogo kwa wapenda namba. Tafiti zinazouliza nani anawahi na nani anachelewa hurudia orodha ile ile karibu kila mahali: elimu ya mama, kipato cha nyumba, umbali wa kituo, umri, idadi ya watoto, kama mimba ilitarajiwa, na kama mwenzi anaunga mkono. Sawa. Lakini elimu na kipato hutembea pamoja. Aliyesoma zaidi mara nyingi ana kazi inayompa ruhusa, ana nauli, na nesi anazungumza naye kwa adabu zaidi. Ukiona waliosoma wanawahi kliniki, hujathibitisha kwamba ni darasa ndilo lililowaharakisha.

Jambo jingine ni kwamba tafiti nyingi humuuliza mama baada ya kujifungua, wakati mwingine miaka kadhaa baadaye, alianza kliniki mimba ikiwa na miezi mingapi. Kumbukumbu ya namna hiyo ni ya kukadiria. Na aliyerudishwa nyumbani hudhurio lake halipo kwenye daftari lolote, kwa hiyo kwenye data anaonekana kachelewa tu. Hoja ya mleta mada kuhusu kurudishwa huenda ni kubwa kuliko takwimu zinavyoonyesha.

Mimba ambayo haikupangwa ningeiweka juu kabisa. Mtu ambaye bado anajiuliza kama anaitaka mimba hii hawezi kwenda kuiandikisha.

Binti_wa_Kona

Shikamoo dada mkunga. Mimi sijaolewa. Nilipopata mimba nilikuwa bado shule. Niliivalia nguo kubwa. Siku nilipopata ujasiri wa kwenda, mtu wa mapokezi aliniuliza kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulisikia, "Mume wako yuko wapi?" Nikasema nimesahau kadi nyumbani, nikaondoka. Sikuwa na kadi yoyote. Nilirudi tumbo likiwa halifichiki tena.

Nilijua kila kitu kuhusu kliniki, tulifundishwa darasani.

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

Marahaba mdogo wangu. Pole sana. Wasichana wa umri wako wa wakati ule ndio wenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, ndio tuliopaswa kuwaita kwa upole kuliko wote. Swali lile halina kazi yoyote mapokezini. Kama tunahitaji kujua nani anamsaidia mama nyumbani, kuna chumba chenye mlango.

Nesi_Mwenzio

Dada mkunga, mimi nipo upande wako lakini nami niwasemee wenzangu kidogo, maana uzi unaelekea kutufanya sisi ndio wabaya.

Hudhurio la kwanza ndilo refu kuliko yote. Historia ya uzazi wote uliopita, magonjwa ya familia, urefu, uzito, presha, damu, mkojo, ushauri kabla ya kipimo, ushauri baada ya majibu, kujaza kadi, kujaza rejista. Nesi mmoja, foleni imetoka nje ya mlango. Ndiyo maana vituo vingi vinatenga siku moja ya "wapya". Mama akija siku isiyo yake anaambiwa arudi. Nesi hamchukii, anajaribu kuumaliza mchana.

Na kile kisemwacho "mimba haijaonekana" wakati mwingine maana yake ni vipimo vya mimba vimeisha stoo. Bila kipimo, nesi anataka kuipapasa kwa mkono, na kizazi hakipapasiki juu ya kinena mpaka karibu wiki ya 12. Kwa hiyo upungufu wa stoo unamrudisha mama nje ya muda tuliompangia sisi wenyewe. Mama haambiwi kwamba vipimo vimeisha, ni aibu kusema. Anaambiwa amewahi.

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

@Nesi_Mwenzio hapo kwenye stoo umenifungua macho, na nakubali kuhusu foleni. Kuhusu siku ya wapya sikubali. Siku ya wapya inamsaidia nesi na kumpoteza mama. Mwenye wiki kumi akirudishwa asubuhi ya leo, hatuwezi kujua kama wiki ijayo atapata tena ruhusa, nauli na ujasiri kwa pamoja. Tulipojaribu kwetu kumpokea mpya siku yoyote, hata kama ni kumpima presha na damu tu kisha mengine yakamaliziwa siku nyingine, kilichokuwa kigumu hakikuwa muda. Kigumu kilikuwa kubadili rejista zetu na mazoea yetu.

Vipimo vya mimba vinauzwa dukani kila kona, mama anajipima mwenyewe chooni. Baada ya mistari miwili, nani anamwambia hatua inayofuata? Muuza duka la dawa anampa chenji, basi. Hapo ndipo ningeanzia kama ningepewa nafasi ya kupanga, kabla ya bango lolote.

Baba_Wawili

Nimesoma yote. Haya, na sisi wanaume? Mke wangu aliambiwa asije bila mimi. Mimi kazini hawatoi ruhusa. Tukasubiri mpaka nipate siku.

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

@Baba_Wawili kaka, hapo umetoa sababu nyingine bila kuitafuta. Mwenzi kuhudhuria ni jambo jema: mnapima pamoja, dalili za hatari mnazisikia wote wawili, na usiku uchungu ukianza hakuna wa kuuliza tuelekee wapi. Shirika la Afya Duniani linahimiza wanaume washirikishwe, ila kwa sharti kwamba uamuzi wa mwanamke uheshimiwe. Vituo vikageuza himizo kuwa kanuni ambayo haijaandikwa popote: asiye na mume ahudumiwe mwisho, au arudi naye. Mwenye mume safarini anachelewa. Asiye na mume anachelewa zaidi. Anayepigwa na mumewe ndiye hataki kabisa kuja naye.

Na kipimo cha VVU kimo humo humo. Wapo wanaochelewesha kliniki kwa sababu ya kipimo hicho tu. Sindano haiwaogopeshi. Wanaogopa kurudi nyumbani na majibu ambayo mwenzi atayapokea kwa kufunga mlango. Kipimo ni hiari, na majibu ni siri ya aliyepimwa. Maneno hayo yasemwe kabla hajakaa kwenye kiti.

Kwa mwanaume asiyeweza kupata ruhusa: mwambie aende leo bila wewe. Wewe baki na watoto siku moja. Itamsaidia kuliko kumsindikiza.

Mama_Wanne

Amina. Hiyo ya kubaki na watoto iandikwe kwenye mabango.

Mgeni_Kidogo

Samahanini kuingilia. Nimejipima juzi, mistari miwili. Kwa hesabu za uzi huu nina kama wiki sita na nusu. Nina maumivu upande mmoja chini ya tumbo na damu kidogo kwenye nguo. Nisubiri ifike wiki ya nane ndiyo niende?

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

@Mgeni_Kidogo hapana mdogo wangu, usisubiri. Nenda leo, sasa hivi, na usiende kliniki ya wajawazito. Nenda hospitali yenye utrasaundi na upasuaji, upande wa dharura. Maumivu ya upande mmoja na damu katika wiki hizi yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija. Inaweza kuwa kitu kingine kisicho na hatari, lakini hilo halijulikani kwa kusubiri. Mrija ukipasuka damu inavujia ndani na nje huioni. Ukihisi kizunguzungu, kuzimia, au maumivu kwenye ncha ya bega, usiende peke yako na usiendeshe gari.

Mgeni_Kidogo

Nashukuru dada. Natoka. Na wakiniambia mimba haijaonekana, nirudi baadaye?

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)

Usianze na neno "kliniki". Ukifika sema hivi: "Kipimo cha mimba kimeonyesha ninayo, siku zangu za mwisho zilianza tarehe fulani, nina maumivu upande huu na natoka damu. Naomba nichunguzwe kama mimba imetunga nje ya kizazi." Taja upande. Chukua kile kipimo chenye mistari uwaonyeshe. Mtu wa mapokezi akikujibu urudi baadaye, mwombe akuitie daktari wa zamu, na usiondoke mpaka daktari akuone.